Nilivyobishana na Mume Wangu Mbele ya Kamati ya Bunge

Wadogo zangu wa kaunta, siku mliyoniaga nilipostaafu pale Kiwalani nilisimama kutoa hotuba nikashindwa. Wengine mlidhani nalia. Sikuwa nalia, nilikuwa nacheka. Kila nikianza sentensi nilimwona Dokta Kagaruki, mume wangu, amekaa mstari wa mbele na shati lake la kitenge, uso mkavu kama mtu aliyetumwa kukagua shughuli, na kicheko kikanirudia upya. Mkapiga makofi, mkaleta keki, hotuba ikaishia hapo. Basi niliyotaka kuyasema nayaandika, maana mtu akicheka huku anaandika hakuna anayemwona.

Vyeo na mishahara naviruka. Cheo changu kikubwa kilikuwa Mama Famasi, nilichopewa na wateja, na mshahara mnaujua kwa sababu wa kwenu ni huo huo.

Mimi ni mtoto wa Masasi. Nilikuja Dar kusomea dawa nikiwa na nia ya kurudi kwetu, na mpaka leo bado nina nia hiyo. Kazi nilianzia kwenye dirisha la dawa la hospitali moja ya Temeke. Dirisha lilikuwa na nondo, chini ya nondo tundu la kupitishia mkono, na kwa muda mrefu wagonjwa nilikuwa nawajua kwa viganja tu. Aliyenipokea alikuwa Bi Mwanaidi, mfamasia aliyekuwa mkubwa wa dirisha lile, mama wa Kizaramo mwenye miwani iliyofungwa kamba ya kiatu.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba. Unajua kusikiliza?"

"Najua kusoma cheti cha daktari vizuri kabisa."

"Sijakuuliza kusoma," akasema, akanipa trei ya kuhesabia vidonge.

Alichonifundisha Bi Mwanaidi ni neno moja, na kama mtasahau mengine yote humu, hili lishikeni: mwambie akurudishie. Ukishamweleza mgonjwa namna ya kutumia dawa, usiseme "umeelewa?" Kila mtu ameelewa. Muulize, "Haya, ukifika nyumbani utafanyaje?" Hapo ndipo utasikia maajabu. Nilimpata mama mmoja wa Tandika aliyepewa dawa ya pumu ya kuvuta, akanieleza kwa utulivu kwamba jioni anafunga madirisha, anapuliza pembe zote za chumba, halafu anamwingiza mtoto. Alikuwa anafanya hivyo kwa uangalifu mkubwa. Hata kitandani alikuwa anainua godoro.

Na mwezi wa Ramadhani ukifika, "kutwa mara tatu" inakuwa fumbo. Bi Mwanaidi alikuwa anakaa na kila mfungaji, palepale dirishani, wanapanga upya: hii ya futari, hii ya daku, hii mrudie daktari akubadilishie. Foleni inanung'unika nyuma, yeye hana habari. Nilijifunza kwake kwamba dawa ikishatoka mkononi mwako ndipo kazi inapoanza.

Kwenye dirisha hilohilo nilimpata mume. Kulikuwa na daktari kijana, mtu wa Bukoba, ambaye mwandiko wake ulikuwa kama njia ya siafu. Siku moja nikamrudishia cheti na swali nyuma yake: hii ni dawa au ni sahihi? Baada ya muda uso mzima ukainama kwenye tundu langu.

"Nani anayerudisha vyeti vyangu?"

"Mimi. Hebu nisomee hapa, Dokta."

Akakitazama. Akakigeuza. Akakitazama tena. "Nitarudi," akasema, akaenda kumtafuta mgonjwa amuulize alikuwa anaumwa nini. Kesho yake alileta cheti kilichoandikwa kwa herufi kubwa kama za darasa la kwanza. Keshokutwa yake alikuja bila cheti. Bi Mwanaidi akaniambia, "Huyo sasa haumwi, na wewe usijifanye huoni." Binti yetu Neema leo ni mwalimu wa shule ya msingi Pugu, na anaandika vizuri sana, amechukua kwangu.

Baadaye nilihamia famasi ya Kiwalani, hii hii mnayoijua, na hapo ndipo nilipomaliza safari yangu. Wageni lazima waambiwe jambo moja kuhusu Kiwalani: ndege zinashuka uwanjani juu ya vichwa vyetu. Unamwambia mgonjwa, "Hii utameza..." ndege inapita, unasubiri na kidole juu, naye anasubiri mdomo wazi, kisha unamalizia, "...nusu." Asiyesubiri anaondoka na nusu ya maelezo.

Jirani na famasi alikuwepo Bi Somoe, mama wa Lindi aliyekaanga mihogo. Presha yake ilishajulikana, daktari alishamwandikia dawa, na alikuwa anazimeza kama inavyotakiwa. Shida ilikuwa pale zinapoisha. Cheti kikishapitwa na wakati, mimi kwa kanuni za siku zile sikuwa na ruhusa ya kumwendelezea dawa zilezile, wala kumpima nijue zinamfaa au la.

"Nipe kama vile vya juzi, mwanangu," alikuwa anasema.

"Bi Somoe, cheti kimekwisha muda. Nenda kituoni wakuandikie upya."

"Nikienda huko siku nzima imekwenda. Mihogo akaange nani, wewe?"

Najua yalikuwepo maduka yanayotoa bila kuuliza kitu. Mie sikutoa. Nilimwandikia Bi Somoe jina la dawa vizuri, nikamwelekeza dirisha lenye foleni fupi, nikamkumbusha kila nilipompita. Akawa anasema atakwenda Jumatatu. Jumatatu moja haikumkuta kwenye karai lake. Alikuwa amepooza upande mmoja.

Hakufa, namshukuru Mungu. Alirudi baada ya miezi, anaburuta mguu, mdomo umekwenda pembeni kidogo, karai limeshikwa na binti yake. Mie sikujua nianzie wapi. Yeye ndiye aliyeanza. "Mama Famasi, usinitazame hivyo. Mie sikukuona mbaya. Nilikuona umefungwa mikono." Akamwagiza binti yake aninunulie soda.

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niingie kwenye mambo ya sheria, mimi ambaye hata mkutano wa mtaa nilikuwa nakwepa. Tulijikusanya wafamasia wachache wa Temeke na Kinondoni. Tulichotaka ni kidogo na kinaeleweka: mfamasia aruhusiwe kuwa na chumba cha ushauri ndani ya famasi, apime presha na sukari, apime malaria kwa kipimo cha haraka, na mgonjwa ambaye daktari ameshamwanzishia dawa za kudumu aweze kuendelezewa bila kupoteza siku nzima. Tulisikia kuna muswada unaandaliwa. Tukaamua kuukimbiza.

Jamani, tulivyoanza hatukujua lolote. Tulikwenda kwa diwani mmoja, akatusikiliza kwa heshima zote, mwishoni akasema eneo la kujenga hicho chumba kwa kweli hana. Tulimweleza upya. Akasema labda Chanika. Tukaamua kuchapisha fulana zenye maneno HUDUMA KARIBU YAKO, tuzivae kwenye maonesho ya afya uwanjani Temeke. Fundi akachanganya herufi. Tulifungua furushi asubuhi ya maonesho yenyewe, na kila fulana ilikuwa imeandikwa HUDUMA KABURI YAKO, kwa rangi ya kijani inayong'aa, na chini yake picha ya kidonge kinachotabasamu.

Muda wa kubadilisha haukuwepo. Mwenzetu mmoja alipendekeza tuzivae kinyume, tukawa watu wa kwanza kuonekana kwenye maonesho na vidonge mgongoni. Haikusaidia. Watu walikuja kwa wingi kuliko banda lolote, wanasoma, wanacheka, wanauliza, na sie tunawaeleza muswada huku mbavu zinatuuma. Dokta Kagaruki alipoiona fulana yangu nyumbani alikaa chini kwanza. Kisha akaiomba. Akawa anailalia, na ndiyo fulana aliyoipenda kuliko zote.

Hapo msidhani alikuwa upande wetu. Alikuwa anatupinga, na alikuwa anatupinga kwa moyo wote. Kila nikitaja chumba cha ushauri alikuwa anasema, "Mama Neema, kupima siyo kutibu. Mtu akiambiwa namba yake dukani ataona ameshaonana na daktari." Nami nilikuwa najibu, "Baba Neema, kwani sasa hivi wanakuona wewe? Wanaona foleni." Tukafika mahali Neema, alipokuja likizo, akagonga meza kwa kijiko kama yuko darasani. "Hii mada mezani ni marufuku. Mtaongelea nje." Tukawa tunaongelea nje, karibu na tenki la maji, majirani wakidhani tuna ugomvi wa nyumba.

Jioni moja tunakula ndizi na samaki, simu yangu ikalia. Kikundi chetu kimeitwa Dodoma kutoa maoni mbele ya kamati ya Bunge, na wenzangu wamenichagua mimi nikaseme. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Sijamaliza kushangilia, simu ya Dokta ikalia nayo. Akasikiliza, akaitikia, akakata. Akachukua kipande cha ndizi.

"Nani?" nikauliza.

"Madaktari wenzangu. Kuna kamati Dodoma. Wameniomba nikaseme."

"Ukaseme nini?"

"Nikaupinge ule muswada wenu." Akameza. "Kile kipengele cha chumba tu."

Tukatazamana. Aliyeanza kucheka sijui ni nani. Najua tulicheka mpaka samaki akapoa, kisha tukanyamaza kwa pamoja, kwa sababu wote tulikumbuka kwamba mmoja wetu atashinda na mwingine atarudi naye nyumbani.

Wiki iliyofuata nyumba yetu ilikuwa kambi mbili. Yeye alifanyia mazoezi hotuba bafuni, akidhani maji yanaficha sauti. Mie nilifanyia jikoni. Siku moja nilimsikia akitaja dawa fulani kwenye kundi lisilo lake, nikavumilia, nikashindwa.

"Baba Neema, hiyo haimo kwenye kundi hilo."

Maji yakafungwa. "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Asante," akasema, maji yakafunguliwa, akarudia ile sentensi vizuri. Fikirieni wenyewe: nimemnolea kisu mtu anayekuja kunichinja nacho.

Tiketi za treni ya umeme nilikata mimi, zote mbili, siti za pamoja, maana hakuna mwingine ambaye angekaa naye akaacha miguu yake mirefu ipumzike. Alisoma karatasi zake amezizibia kwa mkono, kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu. Asubuhi kule tulikofikia nilimfunga mashine ya presha mkononi kama ninavyofanya kila siku, nikamsomea namba, nikampa kidonge chake na maji, nikamnyoosha kola. "Haya," nikamwambia, "nenda ukanipinge."

"Na wewe usiniogope," akasema. Alikuwa anamaanisha.

Chumba cha kamati kilikuwa na baridi ya kiyoyozi na meza ndefu iliyopinda. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, ambaye hakuhitaji kuipandisha. Walimwita Dokta kwanza.

Nilikuwa nimejiandaa kuchukia hotuba ile, na sikuweza. Kila sehemu niliyokuwa nimeisikia kupitia mlango wa bafuni aliiacha. Akaeleza habari za kijana mmoja fundi wa Yombo, ambaye kwa wiki nyingi alikuwa anauziwa dawa ya malaria dukani kila homa ikimrudia. Hakuna aliyempima. Hakuna aliyemtazama macho. Alipofikishwa kwa Dokta, macho yalikuwa ya njano kama embe, na ini lilikuwa limeshaharibika.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "kijana yule alifariki mikononi mwangu. Mimi sina ugomvi na wafamasia. Naogopa kaunta. Kwenye kaunta hakuna anayeuliza swali la pili."

Nikakumbuka jioni moja aliporudi nyumbani akakaa kwenye gari muda mrefu bila kushuka. Nilimuuliza, akasema amechoka. Kumbe ndiyo siku ile.

Wakaniita mimi. Niliwaeleza habari za Bi Somoe, mihogo yake, Jumatatu yake, na yale maneno ya kufungwa mikono. Nikawaeleza kwamba tunachoomba ni hicho hicho anachokililia Daktari: mtu wa kuuliza swali la pili, na mahali pa kuliulizia pasipo na foleni inayosikiliza nyuma. Nilipomaliza, mbunge mmoja mzee, aliyekuwa amesinzia au nilidhani amesinzia, akainua mkono.

"Mwenyekiti, naona hapa Daktari Kagaruki na Mfamasia Kagaruki. Wana undugu?"

Dokta akawasha kipaza sauti chake. "Mheshimiwa, ni mke wangu."

Chumba kikaanza kucheka taratibu, kuanzia upande wa makarani.

"Mmekuja pamoja?" Mwenyekiti akauliza.

"Treni moja, Mheshimiwa. Tiketi alikata yeye."

Mbunge mzee hakuwa amemaliza. "Daktari, samahani kwa swali la binafsi. Umri wetu huu kila mtu ana lake. Wewe huna presha?"

"Ninayo, Mheshimiwa."

"Nani anakupima?"

Hapo mume wangu akasogeza kipaza sauti karibu. Mnamjua, ni mtu asiyeweza kusema uongo hata kwa mgeni aliyepika vibaya. "Daktari wangu ananiona ninapopangiwa," akasema. "Lakini kila asubuhi ananipima huyu."

"Leo pia?"

"Leo pia."

"Kwa kanuni zilizopo, ana ruhusa ya kukupima?"

"Kwa kanuni zilizopo," akasema Dokta, kila neno likitoka kwa tabu, "akiwa famasi, hana. Akiwa jikoni kwangu, sheria haijasema."

Walicheka mpaka Mwenyekiti mwenyewe akavua miwani. Akauliza, bado anajifuta machozi, kama kamati inapaswa kunichukulia hatua. Dokta akajibu kwa heshima kwamba anaomba nisichukuliwe, kwa sababu kesho asubuhi atahitaji kupimwa tena, na baada ya maswali haya huenda namba zimepanda.

Kicheko kilipokwisha, Mwenyekiti akanigeukia, na sasa hakuwa anacheka. "Mama, nimekuelewa. Sasa niambie. Yule kijana wa macho ya njano angeingia kwenye hicho chumba chako, ungefanyaje?"

Nilishajiandaa kwa maswali mengi. Hilo sikuliwaza, kwa sababu hadithi ya kijana niliisikia palepale. "Ningempima malaria, nikakuta hana," nikasema. "Ningemtazama macho. Ningempeleka kwa daktari siku ileile."

"Na akifika huko, akarudishwa mwisho wa foleni?"

Nikamtazama mume wangu. Yeye alikuwa anatazama meza. Muswada wetu ulisema mengi juu ya kupima na haukusema lolote juu ya kupokea.

"Basi," Mwenyekiti akasema, "nendeni kantini nyie wawili. Mchana mrudi na maneno mnayokubaliana wote. Mkishindwa, mimi nitakifuta kipengele chote, na hakuna atakayenilaumu."

Wadogo zangu, nimefanya kazi ngumu nyingi, lakini ile ya kantini ndiyo nzito kuliko zote. Tuliagiza chai na chapati. Kalamu nilishika mimi, kwa sababu zinazojulikana. Nikaandika "mfamasia anaweza kumpa mgonjwa rufaa." Akasema futa "anaweza", andika "atampa, bila kuchelewa". Nikasema sawa, na kituo "kitampokea bila kumrudisha mwanzo." Akasema ukiandika hivyo madaktari watapiga kelele. Nikasema wapige. Akanywa chai. Akasema, "Andika: na kitamjibu mfamasia kwa maandishi." Nikainua macho. Hilo lilikuwa lake, sikumwomba.

Tulikwama kwenye dawa za kudumu. Mimi nilitaka mfamasia aendeleze. Yeye alitaka asimwendelezee kabisa mtu ambaye hajaonekana na daktari muda mrefu. Sauti zikapanda. Akagonga meza, nikagonga na mie. "Hicho ni changu, siwezi kukiachia," nikamwambia. "Na hiki je, nimekiachia bure?" akajibu. Binti aliyekuwa anahudumia akaja kutoa vikombe, akainama, akaniuliza kwa upole mkubwa kama tunagawana mali, maana yuko mjomba wake mwanasheria, mtu mpole sana, anayesaidia wanandoa kuachana bila kelele.

Dokta alipaliwa na chapati. Nilimpiga mgongoni, naye anacheka, machozi yanamtoka, binti wa watu amesimama na vikombe hajui akimbie au akae. Tulipopata pumzi tulimweleza. Alisikiliza, kisha akasema, "Sasa si muandike tu aendelezewe mpaka tarehe yake ya kuonana na daktari? Bibi yangu ndivyo anavyotaka." Tukatazamana. Tukaandika hivyohivyo. Tuliporudi kwenye kamati nilisoma mimi, Dokta akasema, "Naafiki," na Mwenyekiti akatuambia twende salama, tusigombane njiani.

Kisha tukasubiri. Kusubiri sheria mtajifunza wenyewe: siku mbili za moto, miezi ya kimya. Siku ya kupigiwa kura tuliweka redio juu ya kaunta Kiwalani, wateja wamejaa mpaka barazani, wengine hawajui tunasikiliza nini, wamekaa kwa sababu wenzao wamekaa. Spika akahoji. Waliosema ndiyo wakasema. Na pale alipofungua mdomo kutangaza, ndege ikapita juu yetu, kubwa kuliko zote za siku ile, na redio ikawa inachezesha taa tu bila sauti. Tukabaki tumeinua vidole. Ndege ilipokwisha, Bunge lilishahamia jambo lingine.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Dokta, anasikiliza akiwa kazini.

"Mama Neema, umesikia?"

"Sijasikia. Ndege imepita."

"Umepita."

"Ndiyo, imepita sasa hivi, kubwa hiyo."

"Siyo ndege, mke wangu. Umepita. Muswada."

Nilipiga kelele, nakiri. Watu wakapiga na wao. Mteja aliyekuja kununua pamba alinikumbatia, akaniuliza baadaye ni nani amezaliwa.

Kanuni zilichukua muda wao kutoka, na zilipotoka mimi nilikuwa nimebakiza wiki chache tu za kustaafu. Wenzangu walinionea huruma, kana kwamba nimepika pilau nikazuiwa kula. Mie sikuona hivyo. Tulitoa maboksi kwenye stoo ya nyuma, tukapaka rangi nyeupe, tukaweka pazia, meza, mashine ya presha, mashine ya sukari na viti viwili vipya ambavyo nailoni yake hatukuwahi kuitoa. Asubuhi ya kwanza nilifika mapema nikiwa nimevaa kama mtu anayekwenda harusini, nikachungulia chumba, nikatoka, nikachungulia tena.

Wa kwanza alikuwa fundi bomba wa Buza, mtu mzima, mikono imeshika kutu. Alikuja kununua dawa ya kichwa. Nilimuuliza kinauma tangu lini, akasema tangu mwezi uliopita, na kwamba mkewe anamsumbua aende akapime.

"Ingia huku ndani, baba."

Akachungulia pazia kwa wasiwasi. "Huku kuna nini?"

"Kuna kiti."

"Kiti tu?"

"Kiti, mashine ya presha na mimi."

Akafikiri, akapangusa viatu mlangoni, akaingia, akakaa. Nailoni ikalia chini yake, akashtuka, nikacheka, naye akacheka. Mimi nikabaki nimesimama, mikono mezani, kama nilivyosimama maisha yangu yote ya kazi. Alinitazama akisubiri.

"Wewe hukai, mama?"

Nikavuta kile kiti cha pili, nikakaa. Magoti yalilalamika kidogo, hayakuwa yamezoea. Uso wake sasa ulikuwa sawa na wangu, karibu kiasi cha kuona macho yake vizuri, meupe, mekundu kidogo kwa usingizi mchache. Nje foleni ilikuwa inaongea mambo yake, hakuna aliyetusikia.

"Haya, baba," nikamwambia. "Nieleze."

Akashusha pumzi, akaanza kunieleza.